Nyigu Asiyeuma Mtu: Alama Ndogo Zinazolinda Mahindi ya Uasin Gishu

Matini ya mazungumzo ya umma kwa wakulima, wanafunzi na wakazi wa Kaunti ya Uasin Gishu

 

Mazungumzo haya yanahusu mdudu ambaye wakulima wengi wamepishana naye shambani maisha yao yote bila kumwona. Ni nyigu mweusi mwenye urefu wa milimita mbili au tatu, sawa na punje mbili za wimbi zilizopangwa mstari. Hamuumi mtu, hamuumi ng'ombe, hajengi kiota darini. Kazi yake ni kumtafuta kiwavi ndani ya bua la mahindi na kumtagia mayai mwilini. Mayai yakianguliwa, mabuu ya nyigu humla kiwavi huyo kutoka ndani, naye hafikii hatua ya kuwa nondo wa kutaga mayai mengine. Wataalamu humwita nyigu kimelea.

Swali ni hili: nyigu mmoja hutambuliwaje na mwingine, wakati wote kwa macho ni vinukta vyeusi vyenye mabawa? Na mkulima wa Moiben, Soy, Turbo, Kesses, Kapseret au Ainabkoi anafaidika nini mtaalamu akiijua tofauti hiyo? Mdudu akipewa jina lisilo lake, msaada hutafutwa mahali pasipo na msaada. Hilo limewahi kutokea hapa Kenya. Akipewa jina lake halisi, huenda msaada ukapatikana kwa jirani.

Kazi ambayo mkulima anaijua tayari

Kutambua mdudu kwa alama ndogo si jambo geni kwa mkulima wa kaunti hii. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi kutoka bara la Amerika walithibitishwa kuwa wameingia Kenya. Wakulima walifundishwa kumshika kiwavi na kumtazama mahali pawili. Usoni, tafuta mstari mweupe unaofanana na herufi Y iliyopinduliwa kichwa chini. Karibu na mkia, tafuta nukta nne nyeusi zilizopangika kama pembe za mraba. Ukiviona vyote viwili, huyo ni kiwavijeshi vamizi. Usipoviona, huenda ni kiwavijeshi wa Afrika, au ni funza wa mabua aliyezoeleka miaka mingi kabla ya 2017.

Nukta hizo ni ndogo kuliko kichwa cha pini, lakini ndizo zinazoamua hatua itakayofuata. Mfugaji naye hufanya vivyo hivyo anapomtambua ng'ombe wake sokoni kwa alama ya sikio. Wataalamu wa nyigu wanafanya kazi ya aina hiyo. Tofauti ni kwamba sikio la nyigu wao, kama angekuwa nalo, lisingeonekana bila hadubini.

Somo la kahawa ya Kenya

Katika miaka ya 1920, mashamba ya kahawa ya nyanda za juu za Kenya yalivamiwa na mdudu mdogo mweupe, mwenye mwili uliofunikwa na kitu kama unga. Alinyonya utomvu wa mibuni kwa wingi hata mavuno yakashuka vibaya. Wataalamu wa wakati huo walimtazama wakaona anafanana na wadudu wengine wa unga waliojulikana katika nchi nyingi. Wakamhesabu kuwa mmoja wao.

Hapo ndipo safari ndefu ilipoanza. Kwa kuwa jina lile lilielekeza nchi za mbali, maadui wa asili wa mdudu huyo walitafutwa nchi za mbali, hadi Asia. Nyigu waliletwa Kenya na kuachiliwa mashambani, lakini hawakufanya kazi iliyotarajiwa. Nyigu vimelea wengi huchagua sana. Anayemla mdudu huyu anaweza kumpita ndugu yake bila kumgusa, au akamtagia mayai yakafa.

Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu R. H. Le Pelley alichapisha maelezo yaliyoonyesha kwamba mdudu wa kahawa ya Kenya alikuwa spishi ambayo haikuwa imepewa jina. Wadudu wa kundi hilo hutofautishwa kwa vitundu na vinyweleo vidogo vya ngozi, vinavyoonekana pale tu mdudu anapobandikwa kwenye kioo chembamba na kutazamwa kwa hadubini. Spishi hiyo leo inaitwa Planococcus kenyae. Baada ya hapo swali likabadilika. Badala ya kuuliza ni nyigu gani wa Asia wangefaa, wataalamu wakauliza mdudu huyu ni mwenyeji wa wapi. Jibu lilikuwa Uganda, ambako alikuwepo bila kuleta hasara kubwa kwa sababu nyigu wa huko walimdhibiti. Kuanzia 1938 nyigu hao wa Uganda waliletwa Kenya, na katika miaka iliyofuata tatizo likapungua sana.

Basi dawa ilikuwa ng'ambo ya mpaka wakati wote. Wadudu wale hawakubadilika, na kahawa haikubadilika. Kilichobadilika ni jina, na jina lilibadilika kwa sababu mtu alitazama vitundu na vinyweleo ambavyo wengine hawakuvitazama vizuri.

Mtaalamu anatazama nini

Nyigu wanaohusika zaidi na mahindi ya Kenya ni wa jenasi iitwayo Cotesia, katika kundi kubwa ambalo wataalamu huliita Microgastrinae. Orodha ya dunia iliyotolewa mwaka 2020 ilikuwa na takriban spishi 3,000 za kundi hilo zilizokwisha kupewa majina. Wataalamu wanakadiria kwamba ambazo hazijapewa majina ni nyingi mara kadhaa kuliko hizo. Kwa maneno mengine, nyigu anayeruka leo kando ya mto Sosiani anaweza kuwa hana jina katika kitabu chochote.

Kwanza, mtaalamu hutazama papasi, zile pembe mbili nyembamba za kichwani. Nyigu wote wa kundi hili wana pingili 18 kwenye kila papasi. Kuhesabu peke yake hakumfikishi mbali. Hivyo hupima: kila pingili ina urefu gani ukilinganisha na upana wake? Jike ana papasi fupi au ndefu?

Pili, hutazama umbo la kifua. Nyigu wa Cotesia wanaoingia ndani ya mabua wana kifua bapa, kana kwamba mtu amewakanyaga kidogo. Umbo hilo lina maana yake. Jike hulazimika kupenya kwenye tundu jembamba lililotobolewa na funza, na mwili mnene ungekwama mlangoni. Papasi za jike wa kundi hilo pia ni fupi. Mtaalamu akiona umbo hilo anajua mengi kuhusu maisha ya nyigu huyo hata kabla ya kuambiwa alipatikana wapi.

Tatu, hutazama bamba la kwanza la mgongo wa tumbo: je, ni laini au lina mikunjo? Ni pana kwa mbele au kwa nyuma? Kisha hutazama mishipa ya mabawa, rangi ya miguu, na urefu wa mwiba wa kutagia mayai. Jina la Cotesia flavipes, kwa mfano, limetoka kwenye maneno ya Kilatini yenye maana ya miguu ya njano.

Nne, na hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, hutazama viungo vya uzazi vya dume. Katika kundi la nyigu wa mabua, spishi mbili zinaweza kufanana kabisa kwa nje, zikatofautiana katika kiungo hicho tu. Mtaalamu hukata tumbo la nyigu aliyekufa, huliloweka katika dawa inayoyeyusha sehemu laini na kubakiza gamba, kisha hukiweka kiungo kwenye kioo chembamba. Vipimo vyake ni mikroni. Mikroni 1,000 hufanya milimita moja, na unywele wa mtu huwa na unene wa kama mikroni 50 hadi 100. Kinachopimwa mara nyingi ni chembamba kuliko unywele huo.

Kazi hiyo huchukua saa nyingi kwa nyigu mmoja, na haitegemei nyigu mmoja tu. Kama watu walivyo warefu na wafupi, nyigu wa spishi moja nao hutofautiana. Lazima wapimwe wengi kutoka sehemu mbalimbali ndipo ijulikane ipi ni tofauti ya kawaida ya ndugu, na ipi ni tofauti ya spishi.

Nyigu wa Pwani na nyigu wa Kitale

Sasa turudi kwenye mahindi. Kenya ina funza wa mabua wa aina kadhaa, lakini wawili ndio wenye sifa mbaya zaidi. Katika maeneo ya chini yenye joto, hasa Pwani, anayeongoza ni Chilo partellus, aliyefika Afrika kutoka Asia. Katika nyanda za juu zenye baridi kama Uasin Gishu na Trans Nzoia, anayeongoza ni Busseola fusca, ambaye ni mwenyeji wa Afrika. Ndiye anayekausha moyo wa mche na kulidhoofisha bua hadi linavunjika.

Mwaka 1993, Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, kinachojulikana kama icipe, chenye makao yake Kasarani, Nairobi, kiliachilia nyigu Cotesia flavipes katika Pwani ya Kenya. Nyigu huyo alitolewa Asia, anakotoka Chilo partellus. Alizoea mazingira, akaenea, na mpaka leo ni miongoni mwa mifano inayotajwa sana Afrika ya mdudu kumdhibiti mdudu mwenzake.

Lakini Kenya tayari ilikuwa na nyigu wake wa asili anayefanana naye sana, Cotesia sesamiae, aliyepewa jina mwaka 1906. Bila kuwatofautisha wawili hao, hakuna mtafiti angeweza kusema kama nyigu aliyetoka kwenye bua ni mgeni aliyeachiliwa au mwenyeji wa siku zote. Maana yake ni kwamba hakuna ambaye angejua kama mradi umefaulu au umeshindwa. Viungo vya uzazi vya madume ndivyo vilivyotoa jibu.

Je, nyigu huyo wa Asia angemsaidia mkulima wa Uasin Gishu? Kwa funza mkuu wa hapa, hapana. Jike wa Cotesia flavipes humtagia mayai Busseola fusca bila kusita, lakini chembe za damu za funza huyo huyazingira mayai na kuyafunika hadi yanakufa. Funza anaendelea kula mahindi, na nyigu amepoteza uzao wake.

Nyigu wa asili ndiye mwenye habari ya kushangaza zaidi. Watafiti walipowachukua Cotesia sesamiae wa Mombasa na kuwapa Busseola fusca, mayai yao yalizingirwa vivyo hivyo yakafa. Walipowachukua Cotesia sesamiae wa Kitale, mwendo mfupi tu kutoka Eldoret, mabuu yalikua vizuri na funza akafa. Nyigu hao wana jina moja na umbo moja, lakini nguvu tofauti.

Siri iko kwenye virusi ambavyo nyigu hawa hubeba kwa urithi na kuviingiza mwilini mwa funza pamoja na mayai. Virusi hivyo hudhoofisha kinga ya funza. Watafiti waligundua kwamba jeni moja ya virusi hivyo, iitwayo CrV1, si sawa kati ya nyigu wenye nguvu dhidi ya Busseola na wasio nayo. Hadubini peke yake isingeonyesha hilo.

Hivyo mkulima wa nyanda za juu anaye mlinzi wake wa asili, aliyezoea funza wa hapa na baridi ya hapa. Hakuletwa kwa meli. Anaweza kuuawa kwa dawa iliyopulizwa bila sababu, na ukoo mwingine ukiletwa kutoka mahali pengine huenda usiweze kuziba pengo lake.

Spishi mpya zilizokuwa mbele ya macho

Kwa miaka mingi, nyigu waliotoka kwenye funza wa mimea ya kinamasi nchini Kenya walihesabiwa kuwa Cotesia sesamiae. Mimea hiyo ni pamoja na ile yenye kichwa cha kahawia kama soseji juu ya ufito mrefu, inayoota kwenye maji yaliyotuama. Uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba baadhi ya nyigu hao, wakiwemo wa Makindu, hawachanganyiki na wenzao. Tabia yao nayo ilikuwa tofauti, kwani walimfuata funza wa spishi moja tu, Sesamia nonagrioides. Watafiti wakarudi kwenye hadubini, wakapima upya, wakapata tofauti ndogo za umbo zilizokuwa zimepitwa. Mwaka 2017 nyigu huyo alitangazwa kuwa spishi mpya, Cotesia typhae. Jina hilo limetokana na mmea wa kinamasi anakopatikana funza wake.

Nyigu wa kinamasi cha Kenya anamhusu nani? Huko Ufaransa, Sesamia nonagrioides ni adui wa mahindi, na watafiti wa huko wanamchunguza nyigu huyo wa Kenya kama msaidizi wa wakulima wao.

Mwaka huohuo wa 2017 spishi nyingine ilitangazwa kutoka Kenya. Nyigu huyu alipatikana kwa viwavi waliokuwa wakila mchicha, akaitwa Cotesia icipe kwa heshima ya kituo kile cha Kasarani. Kiwavijeshi vamizi alikuwa ameingia tu. Utafiti wa mwaka 2017 katika nchi tatu ulionyesha kwamba Ethiopia, nyigu huyo aliongoza miongoni mwa maadui wa viwavi hao, akiwa amewaingia kati ya asilimia 33.8 na 45.3 ya viwavi waliokusanywa. Hapa Kenya aliyeongoza alikuwa inzi kimelea, Palexorista zonata, kwa asilimia 12.5. Kama spishi ile isingekuwa imepewa jina, matokeo ya Ethiopia yangeandikwa "nyigu asiyejulikana", na hakuna mtu katika nchi nyingine angejua amtafute nani.

Mfano wa tatu ni wa nyigu mdogo zaidi, Telenomus remus, mwenye urefu wa karibu nusu milimita. Huyu hashambulii kiwavi bali yai la nondo wake. Katika Amerika ametumika dhidi ya kiwavijeshi kwa muda mrefu, na palikuwa na mjadala kama aletwe Afrika. Mwaka 2019 watafiti walichapisha kwamba alikuwa tayari yuko Benin, Côte d'Ivoire, Kenya, Niger na Afrika Kusini. Alitambuliwa kwa alama za mwili na kwa vinasaba. Kumwagiza mdudu kutoka nje kunahitaji ukaguzi na vibali, na ni haki iwe hivyo. Lakini hakuna haja ya kumwagiza aliyeko nyumbani.

Shambani ufanye nini

Kwanza, usivunje vifuko vyeupe. Nyigu wa Cotesia wakimaliza kula, hutoboa ngozi ya funza na kusokota vifuko vidogo vya hariri. Ukipasua bua au ukiinua jani, unaweza kuona kifungu cha vitu vyeupe kama punje ndogo sana za mchele zilizoshikana kwa pamba, mara nyingi kando ya funza aliyenyauka. Wengi hudhani ni mayai ya adui na kuviponda. Mayai ya kiwavijeshi vamizi hukaa tofauti: ni tabaka la vidonge vidogo vya mviringo lililobandikwa kwenye jani, mara nyingi likiwa na manyoya ya nondo juu yake. Ukiwa na shaka, weka ulichokiona kwenye chupa safi, funga mdomo kwa kitambaa chepesi, iache kivulini kwa siku kadhaa, kisha utazame kinachotoka. Vikitoka vinukta vyeusi vyenye mabawa, vifungulie shambani.

Pili, kagua kabla ya kupuliza. Hapa Uasin Gishu mahindi hupandwa mvua ndefu zinapoanza, mwezi Machi au Aprili, na wiki za mwanzo ndizo za kukagua kwa makini. Pita katika mistari, hesabu mimea iliyoshambuliwa, kisha ushauriane na afisa wa kilimo wa wadi yako. Ikilazimu kutumia dawa, tumia iliyosajiliwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko chake. Dawa ya kupulizwa kwa mazoea kila baada ya siku kadhaa huua nyigu aliyekuwa akifanya kazi bila malipo. Funza aliyejificha ndani ya bua yeye hubaki.

Tatu, usifyeke kila jani la pembeni. Cotesia typhae alipatikana kinamasini, si shambani. Mimea ya mwitu ya kingo za mito na maeneo oevu ndiyo makao ya funza wengi wasiogusa mahindi, na nyigu huishi kwa funza hao wakati shamba likiwa tupu baada ya mavuno.

Nne, ukipata kiwavi aliyekufa akiwa na vifuko, andika mambo manne: mahali, tarehe, mmea uliomkuta, na kiwavi anavyofanana. Peleka maelezo hayo pamoja na sampuli kwa afisa wa kilimo. Nyigu asiye na maelezo hayo karibu hana faida kwa mtaalamu, hata akiwa mzima kabisa. Nyigu wa Kitale asingejulikana kuwa tofauti na wa Mombasa kama hakuna mtu aliyeandika kwenye kibandiko kwamba huyu ni wa Kitale.

Ni lazima pia ukweli usemwe. Nyigu hawamalizi wadudu. Kiwavi aliyetagiwa mayai huendelea kula kwa siku kadhaa kabla ya kufa, kwa hiyo mkulima aliyevamiwa leo hawezi kumngoja nyigu kama anayengoja gari la zimamoto. Faida ya nyigu huonekana msimu unaofuata, kwa sababu nondo wachache walifikia kutaga. Huja kidogo kidogo, na hupotea upesi mlinzi huyo akiuawa.

Kwa wanafunzi wa Eldoret

Neno la mwisho ni la wanafunzi wa shule za kaunti hii, na wale wa Chuo Kikuu cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Moi. Watu wanaoweza kumtambua nyigu wa milimita mbili hadi jina lake la mwisho ni wachache Afrika nzima. Sampuli nyingi za Afrika bado hupelekwa Ulaya au Amerika kutambuliwa, na kungoja jibu huko kunaweza kuchukua muda mrefu. Wakati huo wote adui hangoji.

Vinasaba vimerahisisha kazi, lakini havikuondoa hadubini. Vinasaba vilisema kwamba nyigu wa Makindu ni tofauti, na bado mtu alihitajika kukaa chini, kupima bamba na papasi, kuandika maelezo, na kuhifadhi kielelezo makumbusho ili mwingine aweze kuhakikisha. Kazi hiyo inahitaji subira, jicho makini na mkono usiotetemeka. Msichana anayeshona shanga ndogo bila kukosea rangi, au kijana anayetengeneza simu Eldoret mjini, tayari ana nusu ya ujuzi huo.

Msimu ujao, mahindi yakifika magotini, chagua mche mmoja ulioharibika, upasue kwa kisu taratibu kutoka juu hadi chini, na utazame ndani kabla ya kuitafuta pampu ya dawa. Ukikuta funza mzima anakula, unajua una kazi. Ukikuta funza aliyenyauka amezungukwa na vifuko vyeupe, warudishe kivulini. Watoto wa nyigu wa nyanda za juu wako njiani kuja kukusaidia.